Anayeshika Mashine ya Msasa

Masomo: Kutoka 25:10–11, Kutoka 31:1–6, Kumbukumbu la Torati 22:8



Wiki hii naomba tutafakari juu ya mashine ya kupiga msasa. Si jambo lililozoeleka mimbarini, lakini ushirika wetu wa Kitengela umejaa mafundi wa mbao, na wako wanaotoka Isinya hadi Kajiado mjini kuja kuabudu nasi ambao wana karakana zao huko. Ukiingia mjini kwa Barabara ya Namanga unaona vitanda, makabati na fremu za sofa zisizovishwa kitambaa zimepangwa kando ya lami. Nyuma yake kuna mabati, na chini ya mabati kuna vijana waliogeuka weupe kwa vumbi. Kazi hiyo inalipa karo na kodi ya nyumba katika familia nyingi zinazosoma ujumbe huu. Fundi akianza kuinuka, akapata pesa kidogo ya kuupumzisha mkono, huja na swali moja: ninunue mashine gani ya msasa?

Nilishika randa kabla sijaitwa katika huduma, kwa hiyo swali hili huletwa kwangu mara kwa mara. Nimeona afadhali nilijibu mbele ya wote.

Wako watakaosema hilo ni swali la dukani. Wasome Kutoka sura ya 31. Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita kwa jina Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, akamjaza roho yake apate hekima ya kuchora, kuchonga na kufanya kazi ya kila namna, na amempa msaidizi, Oholiabu wa kabila la Dani. Roho yule yule tunayemwomba Jumapili alikaa katika mikono ya watu wenye vifaa vya kazi. Na mbao waliyokabidhiwa ilikuwa ya mshita. Sanduku la agano lilitakiwa liwe na urefu wa mikono miwili na nusu, upana wa mkono mmoja na nusu, na kimo cha mkono mmoja na nusu. Kwa vipimo vyetu ni kama sentimita 112 kwa 67 kwa 67, ukubwa wa kabati dogo la chumba cha kulala.

Anayeujua mgunga wa nyanda zetu, ule ambao Wamaasai huuita oltepesi, ataelewa uzito wa agizo hilo. Mti huo huo humea hadi Sinai, na ni mmojawapo wa miti inayodhaniwa kuwa mshita wa Biblia. Shina lake ni fupi, mara nyingi limejipinda, na mbao yake ni ngumu. Kutoa humo ubao mpana ulionyooka ni jasho. Baada ya jasho hilo lote, sanduku lilifunikwa dhahabu safi nje, na ndani pia, mahali ambapo hakuna aliyetarajiwa kuchungulia. Mbao ya Bezaleli haikuonekana tena. Lakini dhahabu iliyofuliwa nyembamba haisitiri ubao uliotayarishwa vibaya. Kila bonde hujitokeza juu yake. Vanishi nayo ni hivyo hivyo. Kadiri inavyong'aa ndivyo inavyosema ukweli juu ya kilicho chini yake, na mteja akiiweka meza yake karibu na dirisha, mwanga wa jioni unamwonyesha kazi yote aliyolipia.

Tuanze na kusawazisha, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mashine ya msasa haiunyooshi ubao uliojipinda. Huufuata. Ubao ukiwa na bonde, mashine hushuka nalo, na mwishowe una bonde laini. Kunyoosha ni kazi ya randa, iwe ya mkono au ile mashine kubwa ya randa iliyoko kwenye yadi za mbao, ukiwa na rula iliyonyooka ya kuhakikishia. Na kabla ya randa kuna subira. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na zuio hilo likakaa hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa. Mafundi wetu wengi wakazoea saiprasi na paini zinazoingia kutoka Tanzania kupitia Namanga, na mbao ikawa ghali kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiacha ikae. Mbao mbichi ikiletwa katika hewa kavu ya nyanda za Athi na Kapiti hunywea upesi. Uso uliosawazishwa Jumatatu unaweza kuwa umekunjamana wiki ijayo, na mashine ikalaumiwa bure. Panga mbao zako kivulini, weka vijiti katikati ya kila tabaka upepo upite, ungoje. Najua kungoja ni gharama kwa mtu anayekula kazi ya leo. Bado nasema ngoja, kwa sababu meza itakayorudishwa ni gharama kubwa zaidi.

Sasa mashine zenyewe. Ya kwanza ni ile ya mkanda. Mkanda wa msasa huzunguka juu ya roli mbili na kwenda mbele moja kwa moja, na hula mbao kwa kasi kuliko mashine nyingine za mkononi. Kazi yake hasa ni juu ya meza iliyounganishwa kwa gundi, pale ambapo viungo vimepishana kidogo na gundi imeganda juu. Huwashwa ikiwa imeinuliwa, ikashushwa taratibu ikiwa tayari inakwenda, ikapelekwa kwa kufuata nyuzi za mbao, na haisimamishwi mahali pamoja hata kwa muda wa kuitikia salamu, kwani itachimba. Kwenye plaiwudi iliyovishwa ngozi ya mahogani isiyofika unene wa milimita moja, msiiweke kabisa. Zile kubwa zenye mkanda wa milimita 100 kwa 610 hukaribia uzito wa kilo tano na hutumia kama wati 1,000, yaani uniti moja ya tokeni kwa saa moja ya kazi mfululizo. Ziko ndogo za mkanda wa milimita 75 kwa 533. Kabla hujalipia yoyote, tembea kwenye maduka ya hapa Kitengela uone kama mikanda ya kipimo hicho inauzwa. Mashine isiyo na mikanda mjini ni chuma cha kupambia karakana.

Ya pili ni ya diski, ile ambayo sahani yake huzunguka na wakati huo huo hutikisika. Mizunguko hiyo miwili hufanya chembe za msasa zisipite mara mbili katika njia moja, na ndiyo sababu haiachi mistari mirefu kama mkanda. Kipimo kilichoenea ni diski ya milimita 125, inayobandikwa kwa velkro, na nyingi hutumia wati 250 hadi 300. Uniti moja ya stima inaweza kuiendesha zaidi ya saa tatu. Hii huwekwa juu ya mbao kwanza, ndipo ikawashwa. Isikandamizwe, uzito wake na wa mkono unatosha. Ukiikandamiza sahani huacha kuzunguka vizuri na kuchora vijiduara ambavyo utaviona vanishi ikishakauka. Isikimbizwe pia. Vijana wengi huipeleka mbio mbio huku na huku kana kwamba wanafuta vumbi. Iende polepole, sentimita mbili au tatu kwa sekunde, uiache ifanye kazi yake.

Ya tatu ni mashine ndogo ya mraba inayotetemeka tu, inayovishwa kipande cha karatasi ya msasa ya kawaida. Ni ya polepole, lakini inaingia kwenye pembe za droo ambazo diski haifiki, na karatasi yake unaikata mwenyewe kutoka kwenye shiti la dukani. Kwa anayeanza na mtaji mdogo haina aibu.

Halafu kuna grainda, ambayo wengi wenu mmeifunga diski ya msasa na mnaitumia kwa kila kitu. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kwa mkono wa kiti uliochongwa au mguu wa meza wenye mviringo, sawa. Kwa uso bapa naikataa. Inachimba, inaunguza, na vumbi lake linatapakaa hadi kwa jirani anayeuza mboga.

Hukumu yangu ni hii. Karakana ya kawaida ya hapa kwetu, inayotengeneza vitanda, meza na makabati, ianze na mashine ya diski ya milimita 125 yenye kasi inayorekebishika, na kusawazisha kufanywe kwa randa. Mashine ya mkanda inunuliwe na karakana mbili tatu kwa pamoja. Fundi mmoja huihitaji siku chache katika mwezi, na chama cha mafundi wanaoaminiana kinaweza kuimiliki bila mtu kuingia deni. Na mkikuta mashine iliyotumika Uingereza inauzwa bei ya chini, tazameni kibandiko chake. Zile za kazi za ujenzi huko hutumia volti 110, na stima yetu ni 240. Bila transfoma itaungua siku ya kwanza.

Bwana Yesu alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, akasema huketi kwanza akahesabu gharama. Katika hesabu yenu wekeni msasa wenyewe, maana ndani ya mwaka mmoja utaweza kuzidi bei ya mashine. Namba 80 ya kuanzia, 120, 180, kisha 220 ya kumalizia: hizo zinatosha kazi nyingi. Anayeruka kutoka 80 hadi 220 kwa kuokoa dakika anaacha mikwaruzo ya 80 chini ya ulaini, na rangi ya mbao ikipakwa, mikwaruzo hiyo huinywa na kuwa mistari myeusi. Ni kama kupaka poda juu ya uso ambao haujanawa. Chora mistari hafifu ya penseli juu ya ubao mzima kabla ya kila namba, uisugue mpaka iishe. Hapo unajua umefika kila mahali. Laza tochi ya simu juu ya ubao mwanga upite kiubavu, utaona kilichobaki. Mwishoni pangusa kwa kitambaa kilicholowa kidogo, nyuzi ziinuke, zikauke, upite tena na 220 kwa wepesi. Vanishi ipakwe asubuhi, kabla upepo haujainua vumbi la barabara.

Nimekaa sana kwenye ufundi kwa sababu naupenda, na kwa sababu kazi nzuri ni haki ya mteja. Ila sijasema bado kilichonifanya niandike.

Kazi ya msasa hupewa nani? Katika karakana nyingi hupewa mgeni. Ni kijana aliyemaliza shule juzi, hajui kukata kiungo, hajakabidhiwa msumeno. Anaambiwa: shika msasa. Atasugua kutwa nzima, mwezi baada ya mwezi, wakati mwenye karakana yuko mbele akizungumza bei na wateja. Kwa hiyo anayelivuta vumbi zaidi ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote pale, na anayechagua mashine ndiye asiyeishika. Basi bei huwa ndicho kipimo pekee, na mfuko wa vumbi uliokuja na mashine hutupwa kando kwa sababu unajaa haraka na kuchelewesha kazi.

Vumbi hilo si uchafu tu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Inayotajwa hasa ni saratani ya ndani ya pua, na hatari kubwa imeonekana kwa wanaofanya kazi na mbao ngumu. Vumbi la mvule huwatoa watu chafya na machozi, wengine huwashwa ngozi, wengine hupata pumu. Na kadiri namba ya msasa inavyopanda, vumbi linazidi kuwa laini, likaelea hewani muda mrefu na kuingia ndani zaidi ya kifua. Kijana anayemalizia kwa 220 haoni wingu, hudhani yuko salama. Kitambaa alichojifunga puani hakizuii vumbi la namna hiyo.

Sheria ya Musa ina amri fupi juu ya nyumba mpya. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 ajengaye anaagizwa azungushe ukuta mfupi juu ya dari, ili mtu asianguke kutoka pale, na damu isije ikawa juu ya nyumba hiyo. Enzi hizo watu walikaa darini, walilala huko, walianika vitu huko. Angalieni amri imemwangukia nani. Mungu hakuanza kwa kumwonya anayetembea darini awe mwangalifu. Alimwendea mwenye nyumba, akamdai ukuta. Jukumu la uhai wa anayepanda limewekwa mabegani mwa aliyejenga, kabla ya ajali, na kwa gharama yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ya nchi yetu inamwambia mwajiri jambo hilo hilo. Fundi anayeajiri vijana wawili chini ya mabati pale Kitengela ni mwajiri.

Kwa hiyo unapochagua mashine, uulize kwanza ukuta wake. Je, sahani ina matundu ya kunyonya vumbi, na diski zinazouzwa mjini zina matundu yanayolingana nayo? Nyuma ina mdomo wa kufungia bomba la mashine ya kuvuta vumbi? Mfuko unafunguka na kufungika kwa urahisi, au utamchosha kijana mpaka auache? Iwashe uishike dakika kadhaa: ikikutia ganzi vidoleni dukani, yeye atakuwaje saa kumi jioni? Sauti nayo, ikikulazimisha kupaza yako ili usikike kwa mtu aliye karibu, inatosha kuharibu masikio polepole, na vizibo vya masikio ni vya bei ndogo. Barakoa iwe ya N95 au FFP2, ibadilishwe ikichakaa, na inunuliwe siku ile ile ya mashine, katika risiti ile ile. Jioni vumbi lisipulizwe kwa hewa ya kompresa. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa au livutwe kwa mashine. Na kijana asipeleke nguo zake za kazi nyumbani kwenye chumba anacholala na wadogo zake.

Kanisa katika nchi hii limekuwa karakanani tangu zamani. Misheni ya Waskoti pale Thogoto ilifundisha useremala pamoja na kusoma, na Jomo Kenyatta alijifunza kazi hiyo hapo, akabatizwa mwaka 1914. Makanisa mengi ya zamani yana mabenchi na madhabahu yaliyotengenezwa na vijana wa misheni ambao majina yao hayakuandikwa popote. Sisi tunaokalia mabenchi hayo tunadaiwa. Tunadaiwa na wale wa sasa pia, wanaotutengenezea vitanda vya watoto wetu. Nawaomba wateja mnaosoma ujumbe huu: mkimsukuma fundi ashushe bei mpaka ya mwisho, jueni kinachokatwa kwanza ni barakoa. Mkienda kuchukua kabati, pitieni nyuma ya mabati mwone nani anapiga msasa na amevaa nini. Mkiona hana kitu, mwambieni mwenye karakana kwa upole, kwa sababu huenda hajawahi kuambiwa. Mpeni bei inayotosha.

Tuanze na sisi wenyewe. Jumamosi asubuhi tutapiga msasa mabenchi ya ukumbi wa Shule ya Jumapili. Yatatolewa nje, mbali na vyumba vya madarasa. Yale yaliyopakwa rangi za zamani tutayaacha kando, kwani rangi kuukuu inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto; hayo yatakwanguliwa siku nyingine yakiwa yamelowa maji. Ya vanishi ndiyo tutakayoyafanya. Mwenye mashine ya mkanda au ya diski aje nayo, pamoja na waya mrefu wa stima. Akina mama wa ushirika wamejitolea chai. Barakoa zitagawiwa mlangoni kwa kila atakayefanya kazi, na wazee wenye karakana nawaomba mje wenyewe, mshike mashine kwa zamu pamoja na vijana wenu.

Mungu awabariki.